CC 1300

Jumamosi iliyopita mama mkwe wangu alisukuma gari langu.

Hakuna aliyemwomba. Alivua kandambili, akazishika kwa mkono wa kushoto, akaweka kiganja cha kulia juu ya buti, akajiunga na vijana wawili wa kivuko, muuza maji ya chupa na mzee mmoja mwenye jogoo kwapani, wakanipandisha mwinuko wa gati upande wa mjini. Mimi nilikuwa ndani. Nimefunga mkanda, nimeshika usukani wa gari la spoti ambalo injini yake ina uwezo wa kuzunguka mara elfu tisa kwa dakika, na kwa wakati huo ilikuwa haizunguki hata mara moja. Nililelewa kwamba mkwe hamkazii macho mama mkwe wake. Kioo cha nyuma hakikulelewa. Kila nilipoinua kichwa nilikutana na macho yake, wala hayakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama mfiwa.

Nyuma yake kulikuwa na Canter la mananasi likipiga honi, na nyuma ya Canter bodaboda zisizohesabika. Pembeni, juu ya ukuta, kulikuwa na kijana ambaye nadhani hakuwa na shughuli nyingine siku hiyo. Akapaza sauti: "Mzee, huku ndiyo Usukumani, lazima lisukumwe!" Watu wakacheka mpaka jogoo akawika. Wanaojua Kisukuma wanajua kwamba shina la jina hilo maana yake ni kaskazini, halihusiani kabisa na kusukuma kitu. Nilitaka kushusha kioo nimweleze. Vioo ni vya umeme, na betri nilikuwa nimeshaimaliza kwa kupiga stata.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sikuwa na sababu ya kupanda kivuko. Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Mama anatoka Sengerema. Angepanda basi lake, akavuka juu ya ziwa ameketi, akashuka stendi ya Nyegezi, nikampokea na mambo yakaisha. Lakini darajani gari linapita tu, na kivukoni gari linatazamwa. Nikampigia: "Mama, usihangaike na basi. Fika mpaka Kamanga, nitavuka nikufuate na gari jipya." Jipya la mwaka 2004.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Watu walitazama. Upande wa Kamanga, Mama alilizunguka, akatafuta kitasa cha mlango wa nyuma, hakukiona. Hakipo. Milango ya nyuma ya gari hili haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe kwanza, halafu yenyewe inafunguka kinyume, kama kabati la nguo. Akainama, akaingia, magoti yakafika kidevuni. "Ni zuri, baba," akasema. Tukapanga foleni kama saa moja na nusu, na injini ikapoa kabisa. Nikawasha, nikaingia kivukoni, mita kumi na tano hivi, nikazima. Kijana wa kivuko akaja: "Bosi, sogea mbele kidogo, Canter ipate kuingia." Nikawasha, nikasogea mita mbili, nikazima.

Mita mbili hizo ndizo zilizoniua.

Injini ya gari hili ikiwashwa ikiwa baridi hupewa petroli nyingi, kama mtoto anayelishwa kwa kijiko kikubwa. Ukiiacha ikapata moto, inaichoma yote, hakuna neno. Ukiizima kabla, petroli inabaki ndani. Inalowesha plagi na kuosha oili iliyokuwa inaziba kuta, na mgandamizo unapotea. Ukirudia mara mbili umeizamisha. Kuizamisha ndani ya kivuko, juu ya Ziwa Victoria, huku kivuko chenyewe kinaelea vizuri tu, ni jambo ambalo sijapata wa kumlaumu. Injini ilifanya kama ilivyoumbwa. Mita mbili zilihitaji dakika kumi za kuunguruma, au vijana wawili wa kusukuma. Nilikuja kuwapata baadaye.

Gari lenyewe ni Mazda RX-8, rangi ya kijivu, namba C, gia sita za mkono. Mke wangu alilikubali kwa sababu ya swali moja. Mtanzania akiletewa habari ya gari haulizi rangi, haulizi mwaka. Anauliza, "Ina CC ngapi?" Swali hilo linauliza mambo mengi kwa pamoja: utakula nini mwisho wa mwezi, ada ya mtoto italipwa au haitalipwa, na je, una akili. Hata ushuru wa bidhaa kwa gari dogo linaloingia nchini unapangwa kwa CC, ukivuka 1000 unapanda, ukivuka 2000 unapanda tena. Mke wangu ana IST. Aliniuliza akiwa anachambua mchicha.

"Ina CC ngapi?"

"Elfu moja na mia tatu."

Akaacha mchicha. "Kama IST?"

"Imeizidi CC kumi tu."

Nikamletea kadi mbili, nikaziweka mezani kama wakili. Ya kwake 1,298. Ya gari nililolipenda 1,308. Hakukuwa na uongo hata kidogo kwenye meza ile, na nawaomba mkumbuke hivyo.

Kabla ya hapo nilikuwa nimezunguka na dalali miezi miwili. Dalali wa magari, ukimwambia unatafuta spoti, anaelewa unataka gari lenye milango miwili, au lenye bawa juu ya buti, au jekundu. Nilipelekwa Buzuruga kuona Altezza. Kelele yake ilifika kabla yake. Nilipelekwa Bwiru kuona MR2, ile Toyota ambayo injini yake iko nyuma ya mgongo wa dereva. Mwenyewe alipofungua kifuniko, kuku alitoka, akatutazama kwa dharau, akarudi ndani. Kisha Celica. Hapo moyo ulinienda mbio, maana Celica si jina la kuchezea huku kwetu. Safari Rally ya 1984, ya 1985 na ya 1986 zote zilibebwa na Celica, na 1994 Mkenya Ian Duncan akaibeba tena kwa Celica, kwenye matope na vumbi kama letu. Nikaomba kuona injini.

"Injini ipo," dalali akasema, "ila haipo hapa."

La nne lilikuwa Pasiansi, chini ya mwembe, limeoshwa mpaka matairi yanameremeta. Nilipewa miadi ya saa moja asubuhi. "Mchana nina safari, kaka," dalali alisema, nami nikamwona mtu wa kazi. Akalipigapiga boneti kama anayemsifu ng'ombe. "Hili lilikuwa la dada mmoja wa benki. Kazini, kanisani, nyumbani. Injini haijaguswa. Wewe ni kuingia na kuondoka." Ufunguo ukageuka, likawaka mara moja. Tukaenda mpaka karibu na uwanja wa ndege, tukarudi. Nilipotaka kuzima, akanishika mkono: "Acha iungurume, tusipoteze muda, tuongelee bei." Bei ilikuwa na maongezi, na maongezi yalikuwa mazuri, tulianzia milioni kumi na nne tukatua kwenye kumi na moja na nusu.

Sasa najua. Injini ya aina hii ikichoka huwaka ikiwa baridi na kukataa ikiwa ya moto. Ndiyo maana miadi ilikuwa asubuhi. Ndiyo maana hatukuzima. Na "injini haijaguswa", sentensi iliyonifanya nifungue pochi, ndiyo ilikuwa habari mbaya kuliko zote, kwa sababu hii ni injini inayotakiwa kuguswa.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja wa Nyakato, kijana mfupi asiyependa maneno, niliyefikishwa kwake Jumanne, kwa kamba. Alisikiliza kisa changu cha kivuko bila kucheka. Akaagiza chai na sambusa nne, kwa gharama yangu, akaweka moja kwenye kiganja, akaniambia: "Hii ndiyo pistoni yako, mzee."

Magari mengine yote niliyowahi kupanda yana pistoni ya kawaida, yaani chuma kama kopo kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, kama mchi kwenye kinu. Mchi unapanda, unasimama, unageuka, unashuka, unasimama tena, maelfu ya mara kwa dakika, huku vali juu yake zikifunguka na kujifunga. Ukifikiria vizuri ni ajabu kwamba kitu hicho hakijivunji chenyewe. Ndani ya injini yangu hakuna mchi. Kuna sambusa mbili za chuma, pembe tatu, mbavu zimetuna kidogo, na kila moja inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili, lililobanwa kiuno. Fundi alichora ganda lile kwa spana kwenye vumbi, akaweka sambusa katikati, akaanza kuizungusha taratibu. Pembe zote tatu zinagusa ukuta muda wote. Lakini kwa kuwa ganda si duara, nafasi kati ya ubavu wa sambusa na ukuta inapanuka na kusinyaa. Inapanuka, inavuta hewa na petroli. Inasinyaa, inakandamiza. Plagi inachoma, nafasi inapanuka kwa nguvu, halafu inasinyaa tena na kusukumia moshi nje. Hakuna vali hata moja. Matundu yako ukutani, na sambusa inayaziba na kuyazibua inapopita. Na mbavu zote tatu zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja na hatua yake, kama akina mama watatu wanaopokezana kutwanga kinu kimoja bila michi kugongana.

Nilisahau chai. Nilisahau hata kwamba nina hasira.

"Sasa CC," nikamwambia. "Kadi inasema 1,308."

"Kadi haidanganyi," akasema. Chumba kimoja kikiwa kimepanuka kabisa kinabeba CC 654. Sambusa mbili ni mara mbili yake, 1,308. Hesabu imeishia hapo. Lakini silinda ya kawaida huchoma mara moja kila mhimili ukizunguka mara mbili, na sambusa inachoma mara moja kila mhimili ukizunguka mara moja. Kwa hiyo kwa kazi ileile inameza kama injini ya CC 2,616. Watu wenye elimu yao wamebishana juu ya hesabu hii miaka mingi, kwenye mbio za magari na kwenye ofisi za kodi. Sheli hawabishani. Mjini nilikuwa napata kilomita sita kwa lita, mke wangu na IST yake anapata zaidi ya mara mbili, na nilikuwa nimeshaanza kujaza mafuta nikiwa peke yangu, kama mtu anayekwenda kwa mpango wa kando.

Fundi akaendelea, sasa amechangamka. Kila pembe ya sambusa ina kipande chembamba cha kuziba, kama ukingo wa kisu, kinachokwaruza ukuta maisha yake yote. Hapo ndipo kilipo kilio. Baadaye nimesoma kwamba wahandisi wa Mazda chini ya Kenichi Yamamoto, walipofungua injini zao za majaribio miaka ya 1960, walikuta kuta zimejaa mikwaruzo, wakaiita kucha za shetani. Walihangaika na vipande vile mpaka shetani akaondoka. 1967 wakauza gari la Cosmo, na 1991 gari lao la sambusa likashinda mbio za saa 24 za Le Mans, gari la kwanza kutoka Japani kufanya hivyo. Aliyebuni wazo lenyewe ni Mjerumani Felix Wankel, ambaye, na hili limenifariji kuliko yote, hakuwa na leseni ya udereva. Macho yake hayakuona mbali. Alikuwa anaendeshwa. Sijui kama aliwahi kusukumwa.

Ili kucha za shetani zisirudi, pampu ndogo hudondosha oili ndani ya chumba, ichomwe pamoja na petroli. Yaani injini inakunywa oili kwa makusudi. Wiki tatu nzima nilikuwa nalala chini ya gari na tochi kutafuta panapovuja.

Ndipo akapima. Alitoa plagi za chini, akakata petroli isije, akanibusti betri, akaniambia nipige stata. Yeye akainamisha sikio kama daktari. Sambusa ya mbele ilipumua vizuri: fyu, fyu, fyu, pumzi tatu zinazolingana, moja kwa kila ubavu. Ya nyuma ikasema fyu, fyee, fyee.

"Pembe moja imechoka," akasema. Nikamuuliza kwa nini basi pumzi mbili ndizo mbovu. "Pembe moja iko kati ya vyumba viwili. Ukuta wa nyumba ya kupanga ukitoboka, wanaopata tabu ni wapangaji wawili."

Nikamuuliza injini imebakiza muda gani. Akaitazama ile sambusa aliyokuwa ananifundishia, akaifuta vumbi, akaila.

Kabla ya kufika kwake nilikuwa nimepita kwa mafundi watatu kati ya Jumamosi jioni na Jumatatu. Wa kwanza alisema ni nozeli. Wa pili alisema ni kompyuta ya gari. Akaitoa, akaipuliza, akairudisha, elfu thelathini. Wa tatu alifungua boneti, akatazama kwa muda, kwa sababu injini hii ni ndogo na imekaa chini, nyuma kabisa, akaniuliza kwa sauti ya upole: "Mzee, una hakika hawakuiba injini?" Hakuna hata mmoja aliyesema hajui.

Jumatatu usiku nilifungua droo ya dashibodi kutafuta risiti nikakuta kitabu cha gari. Kipo tangu siku ya kwanza. Kinene, kisafi, hakijawahi kufunguliwa, chote kwa Kijapani. Nikakipiga picha ukurasa baada ya ukurasa na kuipa simu itafsiri. Simu ilitafsiri kama mlevi, lakini mahali fulani katikati ilinipa maneno matatu yaliyonitosha: injini, baridi, usizime.

Hapa naomba niache mzaha kidogo. Gari likizidi miaka minane tunalilipia kodi ya uchakavu, sawa, tumezoea. Meli inalishusha Dar es Salaam. Redio yake inasalimia kwa Kijapani na ramani yake inaamini bado iko Japani. Na kila linalotakiwa kujulikana ili liishi limekuja nalo, ndani ya droo, kwa lugha ambayo aliyeuza hasomi, aliyenunua hasomi, na fundi hasomi. Sijawahi kuona kitabu cha gari lolote kati ya haya yanayojaza barabara zetu kwa Kiswahili. Cha IST sijakiona, cha Noah sijakiona. Kwa hiyo fundi anajifunzia kwenye gari la mteja na mteja ndiye mlipa ada, halafu jioni tunakaa vijiweni tunasema mafundi ni matapeli. Wapo matapeli. Lakini yule aliyepuliza kompyuta hakuwa tapeli; nilimwona usoni. Alikuwa na aibu ileile niliyokuwa nayo mimi gatini, ya mtu aliyekabidhiwa kitu kikubwa na hakuambiwa kinavyofanya kazi. Elfu thelathini yangu bado naitaka.

Mtaniuliza kwa nini sijalichoma moto. Ni kwa sababu ya Jumapili moja, wiki mbili kabla ya aibu.

Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, injini nimeiacha ikaunguruma kwa sababu nilikuwa napasha pia chai, bahati tu. Igoma, Kisesa, halafu barabara ya Magu. Kwenye gari hili hukai, unalala. Kando yako Fuso inakuonyesha nati za tairi, na dereva wake humwoni kabisa. Hadi mizunguko elfu nne injini ni mvivu. Bajaji iliniacha Igoma, na abiria wake aligeuka kunitazama. Lakini baada ya Kisesa barabara ilifunguka, nikakanyaga gia ya tatu na sikuiachia. Elfu tano. Elfu sita. Kwenye elfu sita injini ya gari jingine huwa inalalamika, unaisikia inaomba gia. Hii iliacha kutetemeka kabisa. Mchi unaposimama na kugeuka ndio unaotikisa gari. Sambusa haisimami, haigeuki, inazunguka tu, na sauti yake ilitoka kwenye cherehani ikaingia kwenye nyuki, mzinga mzima wa nyuki wenye nia moja. Elfu saba. Elfu nane. Kisha kitu kikalia "pii!" kwenye dashibodi. Nilidhani nimeharibu. Kumbe ni kengele ya kukukumbusha kubadili gia, kwa sababu waliolitengeneza walijua kwamba masikio na mwili havitakuambia.

Nikaweka ya nne. Kona ikaja. Uzito umegawanywa nusu mbele nusu nyuma, kwa hiyo gari haliinami wala halisiti. Unatazama mahali unapotaka kwenda na tayari umefika. Upande wa kushoto, mbali, Ghuba ya Speke ilikuwa rangi ya sufuria iliyosuguliwa. Wanawake wawili wenye majembe walikuwa wanatembea pembeni kuelekea shambani, mmoja akanipungia. Nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sauti, mtu mzima, mzee wa kanisa mtarajiwa.

Halafu kibao cha 50, kijiji, matuta. Ilidumu kama dakika nne.

Matuta nayavuka kimshazari, kama mtumbwi unaokwepa wimbi. Moja la Mkolani lilibaki na bampa. Nililifuata kwa miguu. Trafiki alinisimamisha, akalizunguka mara mbili, akauliza milango ya nyuma inafungukaje, akanionyesha kwa mkono niende. Nyumbani halifiki. Tunakaa Mabatini, juu, kati ya mawe, na njia ya kwetu IST inaipanda kama mbuzi wakati RX-8 inagusa tumbo kwenye jiwe la kwanza. Linalala chini, kwa mama muuza chapati, elfu moja kwa usiku, kando ya ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI.

Jumatano fundi wa Nyakato aliniita. Plagi zimekauka, ametia oili kidogo kwenye vyumba. Akaniambia nikanyage mafuta mpaka chini, nipige stata nisiachie. Ilikohoa, ikakohoa tena, ikawaka. Moshi mweupe ukajaa gereji nzima na jirani mchomelea vyuma akatoka nje anatukana. Sijawahi kusikia matusi matamu namna ile.

Mama alikwisha kurudi Sengerema, kwa basi, kupitia darajani. Alimpigia binti yake kusema amefika salama. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kisha mke wangu akakata simu. "Mama anasema gari lako ni zuri," akaniambia, "ila ni zito." Hakuongeza kitu. Amekusanya risiti zangu za mafuta kwenye pini moja, amezitundika ukutani jikoni, na kila anapopita anasema kwa upole, kama anayesoma Zaburi: "Elfu moja na mia tatu."

Jana jioni nilikuta watu wawili kwa mama chapati. Mmoja mgeni. Mwingine ni yule dalali wangu, ameshika boneti kwa kiganja, anasema hili ni la baba mmoja mtulivu wa huku juu, kazini, kanisani, nyumbani. Namba yake mke wangu anayo, niliiandika mwenyewe kwenye kalenda. Dalali aliponiona hakushtuka hata kidogo. "Kaka," akasema, "mteja anaweza kuja kesho saa moja asubuhi?"

Nimenunua kopo dogo la rangi nyekundu. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukipigiwa simu ukaambiwa kuna gari la spoti Mabatini, CC 1300, bei ina maongezi, usijisumbue kupanda daladala: GARI HII HAIUZWI.